Uzoefu wangu: Nililipia tovuti ya nasaba kumtafuta Pierre Mauclerc, majibu nikayapata kwenye za bure

Naanza na malipo kwa kuwa najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Nilinunua kifurushi cha juu kabisa, kile wanachokiita cha rekodi za kimataifa, nikalipia kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Mwezi ulipoisha wakakata tena wenyewe, kama ilivyoandikwa kwa herufi ndogo kule chini. Jina la tovuti nalihifadhi. Si matapeli. Wana sensa, orodha za abiria wa meli na vitabu vya ubatizo, na anayemtafuta babu wa babu aliyehamia Marekani mwaka 1890 atafaidi. Mimi nilikuwa namtafuta mtu aliyeishika Bretagne, nchi ya kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1213, na huko mambo ni mengine kabisa.

Mtu mwenyewe ni Pierre de Dreux, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Pierre Mauclerc. Ninaandaa vipindi vya sauti vya historia, na kimoja kilihusu madirisha ya kanisa kuu la Chartres. Ukitazama dirisha la waridi la upande wa kusini utaona wainjili wanne wamebebwa mabegani na manabii wanne. Chini kabisa wamechorwa waliotoa fedha: Pierre, mkewe Alix, na watoto wao Jean na Yolande, na katikati yao nembo ya miraba ya bluu na dhahabu yenye kona ya ermine, ile alama nyeupe yenye madoa meusi ambayo hadi leo ndiyo alama ya Bretagne. Pierre ndiye aliyeileta huko. Hakuzaliwa Bretagne, wala baba yake hakuwahi kuitawala. Basi swali langu lilikuwa moja: alitawala kwa haki ya nani?

Tovuti ya kulipia ilinipa mti wa ukoo unaopendeza macho. Mistari imenyooka, nembo zina rangi, na kando ya jina lake pameandikwa: mtemi (yaani duke) wa Bretagne, 1213 hadi 1237. Upande wa kuumeni haukuwa na kosa. Baba yake ni Robert II wa Dreux, babu yake ni Robert I, na Robert I ni mtoto wa mfalme Louis VI wa Ufaransa. Robert I na mfalme Louis VII ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo Robert II na mfalme Philippe Auguste ni watoto wa ndugu wawili. Kwa hesabu yetu, Philippe Auguste ni baba mkubwa wa Pierre. Shika hilo, maana bila undugu huo Pierre angebaki mtoto wa pili wa kabaila asiye na ardhi ya maana.

Upande wa mkewe ndiko mti ulikovurugika. Alix alikuwa na kaka aitwaye Arthur, na mtoto mmoja wa Alix na Pierre naye aliitwa Arthur. Mashine ya tovuti, inayounganisha watu wenye majina yanayofanana, iliwafanya mtu mmoja. Matokeo yake kuna Arthur aliyezaliwa 1187 na kuzaliwa tena 1220, ambaye ni mjomba wa nafsi yake. Nikatuma marekebisho. Jibu lilikuja likiniomba niambatishe cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha mhusika. Huyo ni mtu aliyetoweka mwaka 1203.

Nikahamia Medieval Lands, iliyo kwenye tovuti ya Foundation for Medieval Genealogy. Ni bure na haihitaji kujisajili. Sura yake haivutii: maandishi marefu yaliyobanana, hakuna picha, hakuna mti wa kubofya, na ukiifungua kwenye simu kidole kitachoka. Lakini kila sentensi inakuambia imetoka hati gani, mara nyingi maneno ya Kilatini yamenakiliwa pale pale, na jambo lenye shaka linawekewa mabano ya mraba. Ukurasa wa watawala na makabaila wa Bretagne ndio ulionifungua macho, kwa sababu unakulazimisha kupita kwa wanawake. Haki ya Bretagne katika miaka hiyo ilikuwa imekaa kukeni, na mti unaopandia kwa baba peke yake hautakufikisha.

Mwenye haki alikuwa Constance, mtoto wa mtemi Conan IV. Mwaka 1166 Henry II wa Uingereza alimlazimisha Conan kung'atuka, akamchumbia mwanawe Geoffrey yule binti, aliyekuwa mtoto mdogo bado. Constance aliolewa mara tatu. Kwa Geoffrey alimzaa Eleanor, na Arthur, ambaye baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Ndoa ya pili, na Ranulf wa Chester, haikuleta mtoto. Kwa mume wa tatu, Guy de Thouars, akamzaa Alix, na mwaka 1201 akafariki. Arthur alitekwa Mirebeau mwaka 1202 na mfalme John, baba yake mdogo, akatoweka mwaka uliofuata. Eleanor naye alishikwa, na Waingereza wakamweka kizuizini mpaka alipofariki mwaka 1241.

Hapo ndipo niliposimama. Eleanor ni dada mkubwa wa Alix kwa mama. Kwa desturi ya urithi alimtangulia, na alikuwa hai miaka yote ambayo Pierre aliitawala Bretagne. Mfalme wa Uingereza alikuwa na mrithi mkononi, na mfalme wa Ufaransa alikuwa na mrithi mwingine. Alix alikuwa amekwisha kuchumbiwa na Henri wa ukoo wa Penthièvre, tawi la zamani la watemi wa Bretagne, ndoa ambayo ingerudisha nchi mikononi mwa Wabretoni wenyewe. Philippe Auguste akauvunja uchumba huo na kumwoza Alix kwa mtoto wa binamu yake. Januari 1213 Pierre akaapa utii kwa mfalme, na viapo vya makabaila wa Bretagne akaruhusiwa kuvipokea kwa sharti kwamba utii kwa mfalme usiguswe. Henri naye baadaye akanyang'anywa na Pierre sehemu kubwa ya Penthièvre, na ardhi hiyo ikaja kuwa mali aliyopewa Yolande alipoolewa. Mti wa kulipia ulikuwa na Henri huyo pia, kama mtu wa pembeni tu, bila mstari wowote unaomgusa Alix. Mti una alama ya ndoa. Hauna alama ya uchumba uliovunjwa na mfalme, na huo ndio uliokuwa habari yenyewe.

Nasaba nikawa nimeipata, utawala bado. Kwa hilo nilitumia Gallica, maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, iliyo hewani tangu 1997. Nayo ni bure. Humo nilisoma mkusanyo wa hati wa Dom Morice, mtawa Mbenedikto aliyechapisha ushahidi wa historia ya Bretagne kati ya 1742 na 1746 katika majuzuu matatu makubwa. Anakupa hati zenyewe, moja baada ya nyingine, kwa Kilatini. Mimi Kilatini changu ni cha kubahatisha, cha kanisani zaidi kuliko cha darasani, lakini hati za karne ya 13 zina mtindo unaojirudia. Ukishazijua salamu za mwanzo na tarehe ya mwisho, katikati unahitaji kamusi na uvumilivu.

Kitu kimoja kilinichelewesha sana na sijaona aliyekieleza kwa Kiswahili. Ukitafuta mtemi wa Bretagne utakosa nusu ya habari. Katika hati zake mwenyewe Pierre anajiita dux, mtemi. Ofisi ya mfalme wa Ufaransa haikumpa cheo hicho. Ilimwandika comes, yaani konti, cheo cha chini yake. Uingereza nayo ilimwandika hivyo mara nyingi. Ni mwaka 1297 ndipo Philippe IV alipomtambua rasmi mjukuu wa Pierre, Jean II, kuwa mtemi. Kwa hiyo tafuta "Petrus" pamoja na "comes Britannie" na pia "dux Britannie", na usiandike "Pierre" kwenye kisanduku cha kutafutia halafu ukalaumu maktaba.

Baada ya hapo hati zinaanza kusema. Alix alifariki Oktoba 1221 akiwa na miaka kama ishirini tu. Tangu siku hiyo Pierre hakuwa mume wa mwenye haki tena. Mwenye nchi ni Jean, mtoto wa miaka minne, na Pierre ni mlezi wake. Mti wangu wa kulipia uliandika utawala mmoja mrefu kuanzia 1213 hadi 1237 kana kwamba kifo cha Alix hakikubadili kitu. Wabretoni waliliona mapema. Machi 1222 makabaila waasi wakiwa na Amaury de Craon walipambana naye karibu na Châteaubriant, akawashinda. Lalamiko lao kubwa lilikuwa juu ya ulezi vilevile: Pierre alishikilia kwamba kabaila akifa na kuacha mtoto mdogo, ardhi inakaa mikononi mwa mtawala mpaka mtoto akue. Yaani mtu anayetawala kwa ulezi anawabana wenzake kwa ulezi! Sijui kama yeye mwenyewe aliliona hilo.

Hati iliyonilipa muda wangu wote ni ya Juni 1230, iliyotolewa kambini karibu na Ancenis. Mwaka uliotangulia Pierre alikuwa amevuka bahari na kumwapia utii Henry III wa Uingereza, na Mei 1230 Henry akashuka Saint-Malo na jeshi. Maaskofu na makabaila waliokuwa na mfalme kijana Louis IX wakatoa hukumu kwamba kwa makosa yake Pierre amepoteza ulezi wa Bretagne, na wote waliomwapia wamefunguliwa viapo vyao. Soma tena: ulezi. Hawakumvua utemi, kwa kuwa kwa macho yao hakuwa nao. Sentensi moja ya Kilatini ilijibu swali langu vizuri kuliko mti mzima wenye nembo za rangi.

Kwamba aliendelea kushika nchi kwa miaka kadhaa baada ya hukumu hiyo ni habari ya majeshi na mapatano: mapatano ya Saint-Aubin-du-Cormier mwaka 1231, kisha mwaka 1234 akasalimu amri kwa Louis, na Henry akamnyang'anya ardhi zake za Richmond kule Uingereza. Ugomvi wake na maaskofu, uliomfanya atengwe na Kanisa, nao una hati tele, lakini kwa mahitaji yangu niliupita haraka. Mwaka 1237 Jean akafikia utu uzima na kula kiapo chake mwenyewe, na Pierre katika hati anakuwa Pierre de Braine, mpiganaji wa farasi. Hakuna utemi, hakuna ukonti. Alikwenda vita vya msalaba mara mbili, na aliporudi kutoka Misri mwaka 1250 alifia baharini. Ukiwa umezisoma hati za 1221 na 1230, jina hilo la Braine halikushangazi hata kidogo.

Ya kiufundi sasa, kwa anayetaka kujaribu. Dom Morice hahesabu kurasa, anahesabu safu, na kila ukurasa una safu mbili. Mtu akikuelekeza "safu ya 800", usiende ukurasa wa 800. Nenda karibu na wa 400 kisha utafute namba kichwani mwa safu. Machapisho ya wakati ule yana s ndefu inayofanana na f, hivyo utafutaji wa maneno ukikwama, chagua neno lisilo na s. Kwa upande wa Uingereza kuna Fine Rolls za Henry III, yaani kumbukumbu za fedha alizoahidiwa mfalme, zimewekwa bure mtandaoni pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kuanzia 1216 hadi 1272, na huko kutafuta ni rahisi zaidi kuliko kokote nilikopita.

Kifurushi cha kulipia nimekisitisha. Ukisitisha, fanya hivyo kwenye tovuti yao na pia izuie kadi, kwa sababu vitu hivyo viwili havijuani. Gallica usipakue juzuu zima kwa simu. Ni kurasa zilizopigwa picha na faili ni nzito, bando litaisha kabla hujafika karne ya 13. Chagua kurasa unazozihitaji, zipakue hizo tu, na andika namba ya safu kwenye jina la faili papo hapo.