Saratani ya mapafu iliyosambaa: kisu au dawa peke yake?

Pale Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, ndugu wengi wa wagonjwa hukaa kwenye benchi na bahasha ya CT scan mapajani, wakiwa na swali lilelile: "Daktari, si mtoe tu huo uvimbe?" Mara nyingi jibu ni hapana. Saratani ikishatapakaa kwenye ini, mifupa na pafu la pili, kupasua ni kuongeza maumivu. Kazi inabaki kwa dawa: kemotherapia, au vidonge vinavyolenga jeni yenye hitilafu inayochochea saratani, kama EGFR, kipimo kikionyesha kuwa mgonjwa anayo.

Kuna kundi dogo tofauti, ambalo saratani imesambaa kwa doa moja au machache tu nje ya uvimbe wa kwanza, tuseme kwenye ubongo au tezi iliyo juu ya figo. Waliotolewa uvimbe wa tezi hiyo na ule wa pafu, takriban robo wamefikisha miaka 5. Jaribio la Marekani na Kanada lililochapishwa 2019 lilihusu wagonjwa 49 wenye madoa yasiyozidi 3, ugonjwa ukiwa umetulia baada ya dawa za mwanzo. Kati ya walioongezewa mionzi au upasuaji, nusu waliishi zaidi ya miezi 41. Kwa wenzao walioendelea na dawa au kufuatiliwa tu, ilikuwa miezi 17. Wagonjwa ni wachache, na wengi walipigwa mionzi, si kisu.

Kisu nacho kinadai pumzi. Mzee anayehema akipanda ghorofa moja Kariakoo huenda akakataliwa. Dawa hazina sharti kali hivyo, ila zinarudiwa, na nauli ya kutoka Mbagala haimo kwenye bili. Ningekuwa mimi, ningeomba daktari wa kifua na wa saratani wakae pamoja kwanza.