Antena ya TV kwenye paa la kempa: ipi ununue, na uielekeze vipi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani tuna antena tatu za paa la kempa, yaani gari au trela ya kulala safarini, zile zinazoonekana sana kwenye kambi za Marekani. Hii yenye mabawa kama popo ni Winegard Sensar, inanyanyuliwa kwa mpini ukiwa ndani. Hii bapa ni King Jack: hainyanyuki, unaizungusha tu kwa kitasa cha darini. Na hili kofia la mviringo ni Winegard Air 360+, halinyanyuki wala halizungushwi. Tutasema ipi inamfaa nani, lakini muda mwingi tutautumia kwenye kuielekeza, kwa sababu antena nzuri iliyogeuzwa vibaya haina tofauti na kipande cha bati.

Neno moja kwa mliohamia huko mkabeba TV zenu kutoka Dar es Salaam au Nairobi. TV hiyo ina kipokezi cha DVB-T2, na Marekani wanarusha kwa mfumo wa ATSC. Hata ukipanda mnara wenyewe haitaonyesha kitu. Tafuta TV au king'amuzi cha ATSC kwanza, ndipo turudi kwenye antena.

Sasa angalieni boksi. Maboksi mengi ya antena yameandikwa maili 100, maili 150. Msiyasome hayo. Mawimbi ya TV husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Chukua mnara wa mita 300 na antena yako iliyo mita 4 kutoka ardhini. Piga hesabu: kipeuo cha pili cha 300 ni kama 17.3, kipeuo cha 4 ni 2, jumlisha upate 19.3, zidisha kwa 4.12. Unapata karibu kilomita 80, yaani maili 50 hivi. Hapo ni tambarare, bila kilima wala msitu katikati. Ng'ambo ya umbali huo mnara umezama nyuma ya mgongo wa dunia, na hakuna busta, yaani kikuza mawimbi, inayoweza kukuza kitu kisichofika.

Na hesabu hiyohiyo inatufundisha jambo kuhusu Sensar. Wengi wanadhani ule urefu wa mpini unaongeza maili nyingi. Ukiipandisha antena mita moja zaidi, hesabu inakupa kama kilomita moja tu. Faida ya kuinyanyua ni nyingine: inapita juu ya kiyoyozi chako, juu ya sola zako, na mara nyingi juu ya paa la jirani aliyeegesha gari kubwa la bati mita tano kutoka kwako. Kambini hilo ni jambo kubwa.

Kinachoamua ununue ipi ni masafa ya vituo unavyovitaka. Na hapa namba ya kituo inadanganya. New York, WCBS inajiita chaneli 2, lakini mawimbi yake halisi yako chaneli 36, kwenye UHF, masafa ya juu ya TV. WABC inajiita 7, na kweli iko 7, kwenye VHF, masafa ya chini zaidi. Ukishuka Philadelphia, WPVI inajiita 6 na kweli iko 6, sehemu ya chini ya VHF. Kwa nini tunajali? Kwa sababu kipande cha antena kinachofaa ni nusu ya urefu wa wimbi. Chaneli 36, nusu wimbi ni sentimita 25. Chaneli 7, ni sentimita 85. Chaneli 6, ni karibu mita 1 na sentimita 76. Sasa mtazame huyu mdogo bapa mkononi, mjiulize atainasa vipi chaneli 6 kwa mbali.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Ukizunguka majimbo mengi na kulala mbali na miji, chukua Sensar. Mabawa yake mapana ndiyo yanayosaidia VHF, na kile kipande cha mbele kinachoitwa Wingman kinasaidia UHF. Toleo la Sensar IV linakuja nacho. La zamani unanunua Wingman peke yake na kukipachika. Ukikipachika, shusha antena polepole mara ya kwanza mwenzako akiwa nje anaangalia, isije ikalalia kifuniko cha tundu la hewa.

King Jack inamfaa anayelala kando ya miji, ambako vituo vingi viko UHF, na asiyetaka shughuli ya kupandisha na kushusha. Kizuri chake kikubwa ni ile mita ya taa iliyomo ndani yake. Air 360+ tunaipendekeza kwa mtu mmoja tu: anayelala karibu na mji wenye minara iliyotawanyika pande mbalimbali. Antena inayosikiliza pande zote haisikilizi upande wowote kwa nguvu, na inapokea pia mawimbi yaliyogonga magari na kurudi, ambayo huichanganya TV. Mbali na mji utaijutia.

Haya, umeshafunga. Kabla hujageuza chochote, nenda kwenye kile kibao cha ukutani chenye kitufe na taa ndogo ya kijani. Zote tatu zinahitaji umeme wa volti 12, na umeme huo unapanda juu kupitia waya uleule wa TV. Kwenye Sensar busta iko juu kwenye antena yenyewe. Taa ikiwa imezimwa, antena ni kama haipo. Na kibao hicho kina kazi ya pili: taa ikiwaka TV inapokea antena, ikizimwa inapokea kebo ya kambi. Ndiyo maana mtu anachomeka kebo ya kambi, hapati kitu, analaumu kambi, kumbe kitufe kimewashwa. Anayesahau kukiwasha naye huilaumu antena.

Taa inawaka na bado hakuna chaneli? Panda juu na multimita, fungua konekta nyuma ya antena, pima kati ya sindano ya katikati na ganda la nje. Utarajie volti 12 au zaidi kidogo, karibu sawa na betri. Angalia ncha za mita zisigusanishe sindano na ganda, utakata fyuzi. Ukipata sifuri juu ilhali kwenye kibao umeme upo, tatizo ni waya au kiungo. Mara nyingi ni konekta iliyoingia maji ikaota kutu ya kijani, au uzi mmoja wa wavu wa nje umegusa sindano. Kata, vua upya, funga konekta ya kubana kwa koleo lake, si ile ya kusokota kwa mkono. Sababu nyingine: mtu ameweka kigawanyio kati ya kibao na antena. Vigawanyio vingi havipitishi umeme. Kiweke baada ya kibao, upande wa TV, na ujue cha njia mbili kinachukua zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi, desibeli 3.5 hivi. Waya uwe RG-6, aina ya waya wa TV, na mfupi kadiri inavyowezekana.

Sasa kuelekeza. Fungua tovuti ya RabbitEars au ramani ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, weka mahali ulipo, upate orodha ya minara, chaneli halisi, na nyuzi za kila mnara. Angalia kama nyuzi hizo ni za kaskazini ya kweli au ya dira. Kule Maine na kule jimbo la Washington tofauti ya mbili hizo hufika kama nyuzi 15, za magharibi kwa Maine na za mashariki kwa Washington. Simama mita kadhaa mbali na kempa, maana chuma na spika zinapotosha dira. Chagua mti au nguzo iliyo upande huo, kisha ingia ndani.

Sensar: tazama juu kwanza, nyaya za umeme na matawi. Zungusha mpini kuelekea alama ya kupanda, takriban mizunguko 13, ukisikia mkazo acha. Usilazimishe, gia ile inakatika meno. Kisha vuta kile kishikio cha darini chini kwa mikono miwili mpaka kiachane na bamba, ndipo ugeuze. Upande wenye Wingman ndio uelekee mnara. Mwenzako nje akuhakikishie, kwa sababu kazi kuu ya mshale wa kishikio ni kukuonyesha mahali pa kuilaza.

Kwenye TV, menyu iwe kwenye antena, si kebo. Ukiskani kwenye kebo TV inatafuta kwa mpangilio wa kebo, si wa antena. Skani, kisha chagua chaneli iliyo dhaifu kuliko zote unazozitaka. Hiyo ndiyo ya kurekebishia. Yenye nguvu itakuja yenyewe. Fungua kipimo cha mawimbi kwenye menyu, geuza nyuzi 10 hivi, subiri sekunde tano, soma, geuza tena. Anayezungusha bila kusubiri anapitiliza, kwa sababu kipokezi cha dijitali huchukua muda kushika. Kuna TV zinazoonyesha nguvu na ubora: fuata ubora. Kwenye King Jack, taa zote zikiwaka punguza nguvu ya mita mpaka ibaki moja au mbili, ndipo uendelee kugeuza. Ukimaliza, skani tena. Kila ukihama kambi, skani tena.

Picha inaganda vipande vipande ingawa nguvu ni kubwa? Kama uko karibu sana na minara, busta imelemewa. Weka kipunguza mawimbi cha desibeli 6 au 10 kati ya kibao na TV, na kama bado, geuza antena kando kidogo. Kama ni mvua na misonobari, majani yaliyolowa yanakula UHF. Sogeza kempa mita moja au mbili, na mara nyingine hiyo tu inatosha. Kama ni chaneli za VHF pekee zinazokatika, zima taa za LED, chaja za simu, inveta na kidhibiti cha sola, kimoja kimoja, uone kipi kinachopiga kelele. Kikishajulikana, sogeza waya wake mbali na waya wa antena.

Walioko Uingereza: baadhi ya minara midogo ya huko hurusha kwa wima, si kwa ulalo. Tazama antena za nyumba za jirani, vyuma vyake vimesimama au vimelala, nawe ulaze au usimamishe yako vivyo hivyo.

Kuziba paa: kwenye paa la mpira tumia gundi ya paa kama Dicor inayojisambaza. Silikoni ya kawaida haishikani vizuri na mpira ule, maji yatapita.

Kuondoka, kwa wenye Sensar: geuza mpaka mshale wa kishikio ulingane na wa bamba, ndipo uzungushe mpini kushusha, tena kama mizunguko 13. Ukiishusha ikiwa upande mwingine itagonga kiyoyozi. Kisha toka nje uitazame kwa macho imelala, usitegemee mkazo wa mpini. Na unapoipandisha tu, funga kitambaa chekundu kwenye usukani, usikitoe mpaka uwe umeiona imelala.