RDS ya Amazon kwa SACCO ndogo ya Kampala: inalipa, ila ujue bili inatoka wapi

Wadau mnaoshika mifumo ya SACCO, shule na kliniki huku Uganda, wengi mmeniuliza kuhusu RDS ya Amazon, huduma ya kukodi databesi kwenye seva zao, basi leo naandika yote. Mimi naitumia na PostgreSQL, programu ya databesi, kwa SACCO ya wenye boda hapa Kampala, mashine ndogo tu, db.t4g.micro yenye ramu GB 1, na kwa kazi yetu inatosha kabisa.

Zamani databesi ilikuwa kwenye kompyuta chini ya meza ya keshia. Umeme ukienda UPS inalia, mtu anakimbilia genereta, na bakapu ni flashi ambayo mhasibu anaenda nayo nyumbani akikumbuka. Ofisi nyingi bado ziko hivyo mpaka leo na inaniuma sana, maana ile ni akiba ya watu, mtu ameweka elfu mbili elfu mbili kila jioni akitoka steji.

Kinachonifanya niitetee RDS ni kimoja: kurudisha data mpaka dakika unayoitaka. Kuna siku kijana wa data alikuwa anarekebisha salio la mwanachama mmoja, akaandika amri ya UPDATE bila WHERE, yaani badilisha bila kusema ya nani, na salio la kila mtu likawa 45,000, kuanzia mwenyekiti mpaka aliyejiunga jana yake. Banange, SMS za salio zilikuwa zimeshaanza kutoka na simu ya ofisi haikunyamaza. Nikaingia kwenye konsoli, ukurasa wa kuisimamia RDS, nikachagua kurudisha kwa saa ninayotaka, dakika moja kabla ya ile amri. Hapa angalieni saa vizuri jamani, logi za Postgres ziko kwa saa za UTC, saa za dunia, na sisi tuko masaa 3 mbele, kwa hiyo saa kumi na dakika kumi na nne jioni yetu kwenye logi ni 13:14.

Sasa uzuri wake, haiandiki juu ya databesi yako, inakutengenezea nyingine mpya pembeni yenye anwani yake na ya kwanza inabaki ilivyo. Yaani malipo ya mobail mani yaliyoingia baada ya lile kosa hayapotei: nilitoa salio kwenye ile mpya, nikalirudisha kwenye ya kazi, nikajumlisha yaliyoingia katikati, halafu ile ya pembeni nikaifuta kwa sababu ukiiacha unalipia mbili. Mwanzoni itakuwa nzito, kwerii (ombi la data) ya kawaida inajivuta, hiyo ni kwa sababu data bado inavutwa kutoka S3, ghala la mafaili la Amazon, kidogo kidogo, usiogope. Na unaweza kurudi hadi kama dakika 5 zilizopita, flashi ya mhasibu haikufikishi huko.

Bakapu za otomatiki unaweza kuziweka hadi siku 35, zetu tumeziweka 35. Ukiunda databesi kwenye konsoli inakupa siku 7, lakini ukiiunda kwa amri za kuandika (CLI) bila kusema kitu unapata siku 1 tu, hiyo iangalie leo leo kama seva yako iliundwa na skripti ya mtu mwingine.

Bili ndiyo watu wanalalamikia. Bei yake imepangwa kwa saa na kwa dola, hivyo shilingi ikiteleza gharama inapanda hata kama hujagusa kitu. Diski unaweza kuiongeza, kuipunguza moja kwa moja hapana, kwa hiyo anza na ndogo. Ukiizima ili kuokoa pesa itajiwasha yenyewe baada ya siku 7, na hata ikiwa imezimwa diski unailipia. Tangu Februari 2024 anwani ya IPv4 ya wazi, ya kufikika kutoka intaneti, nayo inalipiwa, dola 0.005 kwa saa, kama 3.6 kwa mwezi, na kwa nini databesi ya akiba za watu ionekane kwenye intaneti nzima? Funga hiyo, programu ipite kwenye mtandao wa ndani. Ile ya Multi-AZ, yenye mashine ya pili inayosubiri ya kwanza ife, inakaribia kuwa bei mara mbili, sisi hatujaichukua, hospitali ingechukua.

Amazon wamefungua kituo cha seva Cape Town tangu 2020 lakini bei yake iko juu kuliko Ireland, sisi tuko Ireland, na programu pia iko huko huko kwa sababu ukizitenganisha kila kwerii inavuka bahari. Kumbukeni pia sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019, ukipeleka data za watu nje ya nchi lazima huko ziwe na ulinzi wa kutosha au wenyewe wawe wamekubali, kwa hiyo fomu ya kujiunga tuliibadilisha na mwanachama anasaini.

Udhaifu mkubwa uko kwenye intaneti yetu. Januari 2021 wakati wa uchaguzi ilizimwa nchi nzima, Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika baharini, na siku kama hizo databesi iko salama kabisa huko iliko ila keshia haioni. Sisi tumebaki na vitabu vya risiti vyenye namba, keshia anaandika kwa mkono halafu anaingiza intaneti ikirudi. Kama ofisi yako iko mahali ambapo intaneti inapotea kila siku, mimi ningeacha seva hapo hapo ofisini na klaudi niitumie kwa bakapu tu, zipakiwe usiku.