Kozi ya eksirei ya kidijitali: wiki moja ya usingizi, moja ya dhahabu

Nina miaka 11 ya kupiga eksirei, 7 ya mwanzo ikiwa ya filamu na chumba cha giza. Mwaka jana hospitali yetu ya wilaya ilipata mashine ya kidijitali. Fundi aliyeifunga alitupa maelekezo ya nusu siku, akapanda gari lake. Nikaona isiwe tabu, nikajilipia 400,000 nikaenda kusoma wiki mbili kwenye chuo kimoja, tena kwa likizo yangu mwenyewe.

Wiki ya kwanza bora ningepalilia mihogo. Ni slaidi tu: Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895, picha ya mkono wa mkewe na ile pete, muundo wa atomu. Jamani, tuliokaa pale wote tuna leseni! Jirani yangu alikoroma bila aibu.

Wiki ya pili akaingia mama mmoja mstaafu. Aliweka dumu la maji la lita tano mezani, akalipiga picha mbili, ya pili kwa mionzi mara nne ya ile ya kwanza. Akauliza ipi nzuri. Wote tukachagua ya pili, haina chenga hata kidogo. Akanyamaza, akatuangalia. Enzi za filamu ile ingetoka nyeusi tii na ungeificha kabla mkuu wa kitengo hajaiona. Kompyuta inairekebisha, nawe unaendelea kuongeza mionzi kila siku ukijiona fundi. Kumbe kuna kinamba pembeni mwa picha kinachokueleza detekta, yaani bamba linalonasa picha, imepokea mionzi kiasi gani. Mimi nilidhani ni cha mafundi.

Akanikamata na jingine. Nilikuwa naacha mwanga wa mashine, ule unaoonyesha mionzi itapita wapi, wazi eneo lote, halafu nakata kingo kwenye kompyuta ili picha ionekane nadhifu. "Picha umeikata, mionzi mgonjwa alishaipata," aliniambia. Nikawakumbuka watoto wangapi nimewapiga kifua pamoja na tumbo!

Kasoro: mashine moja kwa watu 26, kitufe nilibonyeza mara tatu tu. Umeme ulikatika siku mbili, na cheti kilifika baada ya miezi miwili. Kabla hujalipa, uliza kama pointi zake za mafunzo endelevu zinatambuliwa na Baraza la taaluma yetu. Beji yako ya kupima mionzi unayopata kazini nenda nayo, za wageni hawana.

Nilimuuliza mhasibu kama mtu anaweza kulipia wiki ya pili peke yake. Alicheka sana.