Fimbo ya miguu minne ya mzee, niliitoa Kariakoo

Baba alipata kiharusi mwaka jana upande wa kulia ukalegea, nikamchukulia ile fimbo ya miguu minne, elfu 45 baada ya kuvutana bei. Muuzaji akasema ashikie mkono ule mbovu, si tukaamini, wiki nzima mzee anayumba kama yuko kwenye pantoni ya Kigamboni, mpaka dada wa mazoezi alipokuja akashangaa, jamani inashikwa mkono ulio mzima, huo wa kushoto! Na mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono akisimama. Tukashusha matundu mawili, saa hizi anafika mwenyewe barazani kupiga soga. Chuma kigumu kweli, ila raba za chini zimelika miezi miwili tu, kwenye vigae zinateleza balaa.