Hita ya gesi ya lita 6 kwa wakazi wa bondeni

Hita hizi ndogo za ukutani, za lita 6 kwa dakika na betri mbili kubwa za volti 1.5, hazina ubaya kwa matumizi ya kila siku. Maji ya moto yanatoka papo hapo, umeme wa LUKU hauguswi, na simtanki lililo kwenye mnara wa mita 3 linatoa presha ya bar 0.3 hivi, inayoweza kuwasha baadhi ya aina. Kwa nyumba za juu kwenye mawe kule Bugando, Mwanza, nyota 4. Kando ya Mto Mirongo, au ufukweni ambako Ziwa Victoria lilivunja rekodi ya kina Mei 2020, nyota 2 tu, kwa sababu ya mafuriko.

Kama mafuriko yameishia kwenye mtungi wa gesi bila kufika kwenye hita, gharama ni ndogo. Regulata iliyozama tupa: ina kitundu cha kupumulia, na tope likikiziba presha ya gesi inayumba. Mpira wa gesi badilisha, usihangaike kuuosha. Mtungi urudishe kwa wakala. Kabla ya yote nusa chini, si juu, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Ukiisikia, usiguse swichi yoyote.

Maji yakifika kwenye hita yenyewe, hapo ndipo muundo wake unapoonyesha udhaifu. Bomba likifunguliwa, kiwambo cha mpira kinasukuma pini nyembamba ya chuma. Pini inafungua gesi na kuachia swichi ndogo ya cheche. Pini hiyo inapita kwenye oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, yenye nafasi finyu mno. Punje chache za mchanga zikikaa pale, inakwama ikiwa imefungua. Unafunga maji, moto unaendelea kuunguza koili, yaani mrija unaopasha maji, yenye maji yaliyosimama. Valvu ya umeme ya usalama haisaidii sana, kwa kuwa swichi inayoiamuru inatii pini ileile.

Fundi akisema ataianika juani kisha aiwashe, mpe nauli yake aende. Kuwaka siku ya kwanza si kipimo; kutu ya springi na ya swichi inakuja baadaye. Koili ya shaba inaoshika, lakini tope likibaki kwenye matundu ya bana (kichomeo cha gesi), moto unakuwa wa njano, unatoa masizi na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Ukinunua valvu, kisanduku cha umeme na bana kwa hita ya bei hii, hesabu haikubali. Nunua mpya.

Mpya ifungwe juu ya alama ya tope ukutani, nje ya bafu, penye hewa. Bomba la maji liachie litiririke hadi yawe safi kabla ya kuunga, la sivyo chujio la kiingilio litaziba mara moja. Kila kiungo cha gesi kipake povu la sabuni. Likivimba, funga mtungi kwanza, ndipo utafute spana.