Alumini ya kuchongesha chini ya Eunos Roadster: uzoefu wangu

Kama una Roadster ya zamani, lile gari dogo la Mazda lisilo na paa, na fedha uliyonayo inatosha kukaza sehemu moja tu ya bodi, ipeleke chini ya sakafu. Boneti isubiri. Nasema hivyo baada ya kuchongesha seti nzima ya vipande vya alumini kwa ajili ya gari langu na kuliendesha vya kutosha, mjini Dar es Salaam na safarini. Wengi wakiviona gari likiwa juu ya jeki huniuliza kama vina faida au ni urembo. Vina faida, ila si vyote kwa kiwango kimoja.

Gari lenyewe ni la kizazi cha kwanza, lenye taa za kuchomoza na injini ya lita 1.6. Ndilo lilelile Mazda walilolionesha Chicago Februari 1989 kwa jina la MX-5 Miata, na Japani likauzwa kama Eunos Roadster. Halifiki tani moja. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,265 tu, na kila tairi limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Wepesi huo ndio utamu wake. Lakini gari lisilo na paa ni kama sanduku lisilo na kifuniko, kwa hiyo kazi yote ya kuzuia bodi isisokoteke inabaki kwenye sakafu na vizingiti vya milango. Mazda walilijua hilo: injini ya lita 1.8 ilipokuja mwaka 1993, waliongeza vyuma vya kukaza, kikiwemo kinachopita nyuma ya viti. Langu halikubahatika kuwa navyo.

Dalili zake mwenye Roadster anazijua. Ukipanda tuta kwa tairi moja, kioo cha ndani kinatetemeka, dashibodi inalia, mlango unagonga kwenye kitasa chake. Ukiwa kwenye kona na barabara ina mawimbi, usukani unakupa habari mbili zinazopingana, ya tairi na ya bodi.

Chini ya sakafu kuna reli mbili za bati lililokunjwa, moja kila upande, nazo ni nyembamba mno. Ukiweka jeki hapo zinabonyea. Karibu kila Roadster niliyowahi kuichungulia hapa mjini reli zake zimepondwa, kwa sababu gereji nyingi zinaiona reli na kuidhania kuwa ndiyo chasisi. Jeki inakaa kwenye ukingo wa kizingiti, pale palipoimarishwa, au katikati chini ya difu. Mwambie fundi kabla hajaleta jeki.

Kule Marekani Flyin' Miata wanauza reli za chuma za kuvalishwa juu ya hizi za asili, na sifa zake ni nzuri. Mimi niliamua kuchongesha kwa sababu nilitaka vipande vifuate sakafu yangu ilivyo, na nina binamu anayenunua spea Sharjah ambako karakana zenye mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta zimejaa mtaa kwa mtaa. Nilikata vielelezo vya maboksi, nikapima tundu kwa tundu, rafiki yangu anayejua kuchora kwenye kompyuta akatengeneza mafaili. Oda ilikuwa reli mbili nene za alumini ya 6061-T6 (aloi iliyopewa nguvu kwa joto), mabapa ya kuziunganisha, fimbo mbili za kukatana katikati kama herufi X, na upau wa kufunga vichwa vya shokapu kule mbele chini ya boneti.

Kazi ya mashine ilinifurahisha. Nyuso za kukalia ziko bapa kabisa, ukiweka rula huoni mwanga. Pembe za ndani zimeachwa na duara badala ya kukatwa kali. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu alumini haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki kamwe kama ilivyo kwa chuma. Ikitikiswa miaka na miaka, ufa huanzia kwenye pembe kali. Waliniudhi kwa mambo mawili. Tulikubaliana vipande vipakwe ngao ya anodaizi, vikaja vitupu. Pia nyuzi za bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) zilikatwa fupi mno ndani ya alumini laini, ikabidi tuzipanue hapa na kutia nyuzi za chuma za kuchomeka. Walipoambiwa walirudisha fedha ya anodaizi bila ubishi, na nawapongeza kwa hilo, ingawa ya nyuzi hawakuigusa.

Sasa kwa nini alumini? Hapa watu wengi wanauziwa maneno. Chuma ni kigumu kuliko alumini karibu mara tatu, na ni kizito kuliko alumini karibu mara tatu vilevile. Kwa hiyo fimbo ambayo kazi yake ni kuvutwa na kusukumwa tu haipati ugumu wowote wa ziada kwa kuwa ya alumini. Uzito uleule, ugumu uleule. Hesabu inageuka kwenye bapa linalopindishwa: ukiongeza unene mara mbili, ugumu unapanda mara nane, ukiongeza mara tatu, unapanda mara 27. Kwa uzito uleule alumini inakupa unene mara tatu, na ukitoa ule ulegevu wake bado umebaki na ugumu mara tisa. Ni kweli chuma kinaweza kukunjwa umbo la mfereji kikawa kigumu bila kuwa kinene, na ndivyo reli za asili zilivyo. Lakini gari hili liko chini sana, hakuna nafasi ya mfereji mrefu bila kuparuza matuta yetu. Reli nene ya alumini iliyochimbwa upande wa ndani ili kupunguza uzito inafaa hapo kweli. Zile fimbo za X ningeweza kuzipata za bomba la chuma kwa fungu dogo la bei niliyolipa.

Ufungaji ndio uliokula muda. Tulitoa viti na zulia, tukanyoosha reli zilizopondwa kadiri bati lilivyokubali, tukaziba kutu, tukapaka praima. Hatukuchomelea chochote kwenye alumini: joto la kuchomelea linaiondolea 6061 ile nguvu ya T6 pale pale kwenye mshono. Ni bolti, na ndani ya gari mabapa mapana chini ya nati ili bati lisichanike. Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine. Alumini ikigusana na chuma penye chumvi na unyevu, alumini huliwa, inatoa unga mweupe na kuvimba. Nilipaka vipande vyote rangi ya epoksi, nikaweka karatasi nyembamba ya nailoni kati ya alumini na bati, na kila bolti ikapata grisi ya kuzuia kutu. Kaza bolti za mwisho gari likiwa limekalia tairi zake. Likiwa linaning'inia unafungia msokoto ndani ya bodi.

Nilipima nafasi kati ya mlango na bodi kwa filagegi (vibati vya kupimia mwanya), kona moja ya nyuma ikiwa imeinuliwa, kabla na baada. Zamani nafasi ilijibana waziwazi. Sasa inabadilika kidogo sana, na mlango unafunguka na kufungwa vizuri gari likiwa limeinuliwa hivyohivyo. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ilinipa jibu lenyewe: kona zimefuatana, lami ina viraka, na usukani ukawa unaniambia habari ya tairi peke yake. Shokapu zilezile, springi zilezile, lakini sasa zinafanya kazi yao kwa sababu zimefungwa kwenye kitu kisichojikunja. Kioo bado hutetemeka kwenye barabara mbovu, maana bila paa kuna mpaka.

Upau wa chini ya boneti niliufunga mwisho, peke yake, ili niuhisi. Sikuhisi kitu. Na inaeleweka. Kwenye Impreza kichwa cha shokapu ndicho kinachoshika sehemu ya juu ya tairi, hivyo kukifunga kunasaidia pembe ya tairi isihame. Kwenye Roadster kazi hiyo ni ya mikono miwili iliyoshikwa chini zaidi, si ya kichwa cha shokapu. Nimeutoa na sitaurudisha.

Nikiagiza tena nitachukua reli na mabapa tu, nitataka picha za anodaizi kabla mzigo haujaondoka, na mchoroni nitaandika nyuzi ziwe na urefu angalau mara mbili ya kipenyo cha bolti. Kila ninapobadilisha oili huwa naingia chini na spana ya kupimia, napita bolti zote, na kuangalia pembe kwa tochi. Mpaka sasa hakuna iliyolegea wala ufa, ila bapa moja la nyuma upande wa kushoto limeanza kuchubuka rangi kwa kokoto, nami nitalipaka upya kabla ya masika.